Uzito wa Mama Mwenyewe

Mwaka 1974 kampuni ya Agip ya Italia ilikuwa ikitafuta mafuta katika pwani ya Kilwa, ikakuta gesi chini ya kisiwa cha Songo Songo. Gesi hiyo ilikaa ardhini miaka 30 mingine. Ilipofika 2004 ndipo ilipoanza safari: bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, kisha kilomita 207 za nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam, kuzungusha mitambo ya umeme, na tawi la kwenda kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Msichana aliyezaliwa kisiwani mwaka wa ugunduzi alikuwa na miaka 30 gesi ilipoanza kuondoka. Kwa kawaida ya pwani, umri huo mtu ameshazaa zaidi ya mara moja. Mimba zake zote alizibeba akipika kwa kuni, vifuu na makumbi ya nazi.

Kuwa jirani wa kisima hakumpi mtu moto. Gesi ya Songo Songo ni methani, inayokwenda kwa bomba. Mtungi unaouzwa dukani una gesi ya aina nyingine, iliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zimeunganishwa na bomba. Kwa mama wa Songo Songo mtungi huvuka bahari kwa chombo, ukiisha huvuka tena kwenda kujazwa, na nauli yake ni juu ya mwenyewe. Akipiga hesabu anaona kuni ni nafuu, na kwa hesabu ya fedha hajakosea.

Nimetangulia na gesi kwa sababu ukitaja mjamzito na moshi, mawazo ya wengi hukimbilia sigara. Onyo la sigara ni la kweli, nalo nitalifikia, lakini pwani ya Lindi wanawake wanaovuta ni wachache mno. Bibi atatafuna tambuu yenye tumbaku, na tumbaku hiyo ina nikotini yake. Mume atavuta ukumbini baada ya chakula, na mjamzito aliye chumbani ataupata moshi huo kwa sehemu yake. Ulio mwingi zaidi anauvuta jikoni, akiwapikia watu wote hao.

Tazama lile banda la makuti uani, lenye mafiga matatu. Upepo wa kusi ukikaza, moshi uliokuwa unatoka hurudishwa ndani. Mwenye mimba ya miezi saba hawezi kuinama, tumbo linamzuia. Hupiga magoti, mkono mmoja chini, shavu likakaribia jivu. Ukuni haujakauka sawasawa, ncha yake inatoa povu. Anapuliza. Ili apulize lazima kwanza avute pumzi, na pumzi anayoivuta ni ile ile iliyo juu ya mafiga. Anakohoa, anafuta macho kwa upindo wa kanga, anapuliza tena mpaka makumbi yashike. Hapo ni chai ya asubuhi tu. Mchana na jioni bado. Wale wanaokaanga samaki wa biashara hukaa na moto tangu samaki waliposhushwa hadi jua linapotua.

Anachokivuta kinajulikana vizuri. Katika moshi wa kuni na wa sigara kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu iliyoshikwa hivyo hufika kwenye kondo la nyuma ikiwa na oksijeni pungufu. Sigara huongeza nikotini, ambayo hubana mishipa. Mwaka 1957 daktari Winea Simpson wa California alichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba wanawake wanaovuta sigara huzaa watoto wepesi, waliohesabiwa kuzaliwa kabla ya wakati, mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Tafiti nyingi zikafuata, na upungufu wa uzito ukaonekana kuwa gramu 200 hivi kwa mtoto. Basi ikatarajiwa kwamba mjamzito akitolewa kwenye moshi wa kuni, mtoto wake naye ataongezeka uzito.

Utafiti mkubwa ukafanywa kulipima tarajio hilo. Wajawazito wapatao 3,200 wa Guatemala, India, Peru na Rwanda waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa majiko ya gesi na mitungi bure. Jingine likaendelea na kuni na mfano wake. Kina mama waliopewa gesi waliitumia karibu kila siku, na moshi waliokuwa wakiuvuta ulipungua sana. Matokeo yalitoka 2022. Watoto wa makundi yote mawili walizaliwa na wastani wa kilo 2.9, na tofauti kati yao ilikuwa gramu 20 hivi, kiasi ambacho kitakwimu hakihesabiki kuwa tofauti.

Mtu anayependa mambo yanyooke angeukwepa utafiti huu. Mimi naona ndio unaofungua mlango wa fikra. Yapo maelezo ya kitaalamu: huenda gesi ilifika mimba ikiwa tayari na wiki kadhaa, huenda moshi wa majirani uliendelea kuingia. Wataalamu wayapime. Swali langu liko nyuma ya hayo. Tuseme ni kweli kabisa kwamba mtoto hakuongezeka hata gramu moja. Je, mama yule aliyepika mimba nzima bila kulia machozi, bila kukohoa usiku, bila kupiga magoti kwenye jivu, hakupata kitu?

Mfanyakazi wa kiwanda cha saruji akiingia penye vumbi hupewa barakoa, na hakuna anayeuliza kwanza kama barakoa hiyo itaongeza uzito wa mtoto wake. Mapafu yake yanatosha kuwa sababu. Kwa mwanamke aliye jikoni tumezoea njia ndefu: moshi ni mbaya kwa sababu unamfikia yeye, na kumfikia yeye ni kubaya kwa sababu yumo mwingine ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2, vingi vikiwa vya moyo, kiharusi na mapafu ya watu wazima. Wengi wao hawakuwa na mimba siku walipokufa.

Nenda zahanati yoyote ya pwani siku ya kliniki uone jinsi jambo hili lilivyojengwa katika mpangilio wa chumba chenyewe. Mjamzito anavua kandambili, anapanda mizani ya kusimama, nesi anasoma, anaandika kwenye kadi. Anapimwa presha, mkojo, wingi wa damu. Anapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria. Mwezi ujao anarudi, anapanda tena. Uzito wake una mahali pake katika kadi na mtu anaufuatilia. Akishajifungua, wiki chache mbele, anarudi na kichanga. Sasa kuna mizani nyingine, ile ya kutundika yenye uso wa duara kama wa saa, na kaptula ya kitambaa yenye mikanda. Mama anamvisha mtoto kaptula, anamtundika, mtoto analia na kutupa miguu, nesi anasubiri mshale utulie, anaweka nukta kwenye kadi. Nukta inaunganishwa na ya mwezi uliopita. Ikipanda, mama anasifiwa. Ikishuka anaulizwa maswali. Hali ni hiyo hadi mtoto atimize miaka mitano. Mizani ya kusimama ipo pale pale ukutani, na katika ziara zote hizo ni mara chache mama kuambiwa apande.

Sisemi kwamba manesi hawajali. Kadi ya mtoto imeokoa watoto wengi na sitaki ipungue hata mstari. Ninachosema ni kwamba mizani inamfuata yule tunayemhofia, na tangu siku ya kujifungua hofu imehamia kwingine. Mwili uliokuwa ukipimwa kila ziara ulikuwa ukipimwa kama njia. Abiria ameshashuka.

Yako madhara yanayotokana na hilo, na ni ya kuhesabika. Kifafa cha mimba chaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Presha iliyopanda wakati wa mimba huenda isishuke. Aliyepata kisukari cha mimba yuko katika hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Na uzito wenyewe huongezeka hatua kwa hatua: kilo chache zilizobaki baada ya mimba ya kwanza huwa ndio mwanzo wa ya pili. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa 2015–16 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi, 10 walikuwa wamekonda kupita kiasi, na 45 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo huwezi kumtazama mama kwa jicho ukajua. Mnene anaweza kuwa hana damu. Mwembamba anaweza kuwa ana presha.

Kuhusu kunenepa wakati wa mimba, kuna vipimo vinavyofuatwa na wengi, vilivyotolewa Marekani mwaka 2009: mwenye uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16, aliyekonda 12.5 hadi 18, aliyezidi 7 hadi 11.5. Kilo hizo zina kazi. Mtoto ana kilo 3 hivi. Kondo la nyuma, maji ya uzazi, mji uliotanuka na damu iliyoongezeka ni kilo kadhaa nyingine. Na mafuta kilo 3 au 4, ambayo mwili huyaweka akiba mapema kwa ajili ya maziwa. Kunyonyesha hula kama kilokalori 500 kwa siku, mlo mzima wa mtu. Kwa hiyo mwili wa mjamzito unajua unachokifanya unaponenepa, na wa mnyonyeshaji unajua unachokifanya unapopungua taratibu.

Lakini jaribu kumwambia binti wa kisiwani aongezeke kilo 12. Bibi yake atamwita pembeni: mwanangu, kula kiasi, mtoto asikue tumboni, utamkuza akishatoka. Ushauri huu umeenea sana nchini, na wengi wetu tuliosoma huudharau. Mimi naomba tuusikilize kwanza. Bibi huyu alizaa wakati hospitali ilikuwa ng'ambo ya maji. Anakumbuka mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku, mtoto mkubwa amekwama, chombo hakiwezi kutoka kwa sababu bahari imechafuka. Hospitali ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, na kati yake na kitanda cha mzazi kuna mawimbi. Kwake mtoto mdogo maana yake ni mama aliye hai. Ni maarifa yaliyopatikana kwa msiba, na tukitaka binti ale kama kliniki inavyosema, lazima tumhakikishie bibi kwamba boti ipo, mafuta ya boti yapo, na nahodha anaamka akigongewa. Bila hivyo tunamwomba mwanamke ajipakie hatari ambayo sisi hatutakuwepo kuibeba.

Hofu hii haina kabila. Watafiti wa Australia wamewahi kuwasikia wasichana wajawazito wakisema kwamba wanavuta sigara ili mtoto awe mdogo na kuzaa kuwe kwepesi. Wameisoma ile picha ya onyo kwenye pakiti, wakachukua kutoka kwake kile walichokihitaji. Bibi wa Songo Songo hajawahi kuwaona wala hatawaona, lakini wote wanajibu swali moja: nani atanitoa salama?

Angalau bibi huyu anamfikiria mama. Hapo ana jambo la kutufundisha, hata kama dawa yake ina madhara, kwa kuwa mama asiyekula hupungukiwa damu, na upungufu wa damu ndio unaofanya kutokwa na damu kidogo wakati wa kuzaa kuwe jambo la kifo.

Baada ya kuzaa pwani yetu ilikuwa na utaratibu ambao siku hizi unadhoofika. Siku arobaini mzazi hakai jikoni. Wanawake wengine wanapika: uji wa pilipili manga, mchuzi wa samaki wa chukuchuku, vitu vya moto. Asubuhi na jioni anakandwa kwa maji ya moto, kisha tumbo linafungwa kwa mkaja. Watu wa pwani wanajua pia kwamba mkaja hutajwa katika mambo ya mahari: ni haki ya mama wa bibi harusi, ukumbusho kwamba kiuno chake kilifungwa siku alipomzaa binti huyu. Sijui desturi nyingine yetu inayosema waziwazi namna hii kwamba mwili wa mama ulifanya kazi na unadaiwa shukrani, hata miaka ishirini baadaye.

Siku arobaini hizo zina moshi wake. Chetezo kinapitishwa chini ya kitanda, ubani na udi, mzazi anafukizwa, na kichanga naye nguo zake zinafukizwa. Moshi huu una heshima. Unasema kwamba ndani ya chumba hiki kuna mtu wa kutunzwa. Mapafu hayatofautishi moshi wa heshima na moshi wa adha, na mapafu ya mtoto wa siku saba ni madogo sana, kwa hiyo ningependa chetezo kipite mtoto akiwa chumba kingine na dirisha likiwa wazi. Lakini nisingependa nesi amkemee bibi kwa chetezo hicho huku mama huyo huyo, siku ya arobaini na moja, akirudishwa kwenye mafiga na hakuna aliyesema neno.

Tena kuna macho. Mzazi akitoka ndani, mtaa mzima unamtazama. Akiwa amenawiri, shavu limejaa, watu husema mume anajua kutunza, mavyaa ana mkono mzuri. Akitoka amesinyaa, nyumba imeaibika. Basi kuna mama anayelishwa kuliko anavyohitaji ili ukoo usifiwe. Na siku hizi, ndani ya simu, kuna macho ya upande wa pili: picha za wazazi waliorudi wembamba kwa wiki chache, mikanda ya kubana tumbo, vidonge vya kupunguza mwili ambavyo anayenyonyesha hapaswi kuvigusa bila kuuliza. Mzazi mmoja anaweza kupata amri zote mbili asubuhi moja, nenepa kutoka kwa mavyaa na konda kutoka kwa simu. Katika zote mbili anayepimwa ni jina la nyumba au macho ya watu. Kama anaweza kutembea mwambani maji yakitoka wakati wa bamvua, kutafuta pweza na kurudi na pumzi zake, hilo halijaulizwa na mtu.

Sasa nirudi kwa sigara, kwa kuwa uzoefu wa nchi zenye wanawake wengi wavutaji una somo ambalo halipatikani kwingine. Huko wanawake wengi huacha sigara wakishajua wana mimba. Wanaacha kwa uthabiti ambao hawakuwahi kuwa nao kwa ajili ya mume, daktari wala mfuko wao. Kisha wanajifungua, na ndani ya mwaka mmoja karibu nusu yao wanakuwa wameirudia. Usingizi ni mdogo, uchovu ni mwingi, mwenzi anavuta ndani ya nyumba. Hizo ni sababu za kweli. Kuna nyingine iliyo chini zaidi. Waliacha kwa ajili ya mtoto aliyemo tumboni, na sasa hayumo. Sababu imezaliwa. Imelala kwenye kitanda chake pale, na mama amebaki na mwili ambao hakuwahi kuambiwa kwamba wenyewe peke yake ulistahili kuachiwa sigara.

Uzito unaingia hapo pia. Nikotini hupunguza hamu ya kula, na anayeacha sigara huongezeka kwa wastani kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza. Mwanamke aliyezaa majuzi, nguo hazimwingii, anaambiwa na dada zake kwamba sigara itamkata njaa. Anabadilisha mapafu kwa kiuno. Ukimwambia kwamba anamdhuru mtoto, atatoka nje kuvuta, na kwa hoja uliyompa amekutii kikamilifu. Ulimpa sababu moja tu, naye amepata njia ya kuiheshimu.

Jambo hili, la kutenda kwa ajili ya nafsi yako au kwa ajili ya mtoto, mafakihi wa pwani walilikuta zamani, katika mlango wa funga. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi, na pwani bado iko hapo. Katika madhehebu hayo, kama yalivyopangwa na Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj, mjamzito na mnyonyeshaji wana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani, lakini hukumu inatazama ni nani wanayemhofia. Akiacha kufunga kwa kuhofia nafsi yake, atailipa funga baadaye na basi. Akiacha kwa kumhofia mtoto peke yake, atailipa, na juu yake atatoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Sababu za hukumu hiyo ni kazi ya masheikh kuzieleza. Ninachokiona mimi ni kwamba mwanamke anaruhusiwa kusimama mbele ya Mola wake na kusema, nimekula kwa ajili yangu, na neno hilo likatosha bila kuongezewa kitu. Hadaiwi kumtaja mtoto. Mwili wake ni udhuru kamili.

Mara ngapi tunampa mwanamke udhuru huo nje ya mlango wa funga? Akimwomba mume mtungi wa gesi, anaona afadhali aseme kwamba moshi unamkohoza mtoto. Akitaka kupumzika anasema ziwa limepungua, mtoto hashibi. Anajua hoja ipi inapita. Mhisani naye hufanya vivyo hivyo: ili apate fedha za majiko lazima aandike kuhusu uzito wa kuzaliwa, na utafiti ukirudi na gramu 20, fedha zinasita. Tumejenga mahakama ambayo mama hawezi kushtaki kwa jina lake.

Najua jibu nitakalopewa. Mama mwenyewe anafurahi kujisahau. Huo ndio umama, na hakuna aliyemlazimisha. Ni kweli kwamba wengi hujisahau kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayaheshimu. Sisi sote tumelelewa nayo. Lakini kujitoa ni tendo la mtu aliye na kitu cha kutoa na aliyeulizwa. Anayelipuliza figa akiwa na mimba ya miezi saba kwa sababu hakuna moto mwingine hajajitoa kwa lolote. Amekosa njia. Tukimsifu kwa subira yake pale ambapo angestahili mtungi, sifa hiyo inatusaidia sisi kuliko yeye.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 kati ya 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo kubwa, na nalitaka lifanikiwe. Wasiwasi wangu ni juu ya wale 20 watakaobaki. Wataokotwa wapi kama si visiwani na mwisho wa barabara, kule nauli ya mtungi inakaribia bei ya gesi iliyomo? Na kama watapangwa kwa foleni, wakipewa kwanza wajawazito, je, siku mtoto akitoka mtungi utaendelea kujazwa?

Kliniki kuna jambo linaloweza kufanywa bila kusubiri 2034. Mtoto analetwa kwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Mara zote hizo mama yuko chumbani, amesimama, kandambili zimeshavuliwa mlangoni. Kupanda mizani ni nusu dakika. Presha ni dakika mbili. Nesi ataniambia yuko peke yake na foleni imefika chini ya mwembe, na atakuwa anasema kweli. Basi apimwe wiki ya 6 na mwezi wa 9 tu, kwa kuanzia, na aulizwe maswali mawili: unapikia nini, na nani anavuta ndani ya nyumba. Mume aliyemsindikiza asikie swali la pili. Nafasi ya kuandikia haipo kwenye kadi ya mtoto, kwa sababu haikukusudiwa, lakini kwa kalamu na rula nesi anaweza kuchora safu pembeni, juu yake akaandika mama, na kuanza kujaza na huyu aliye mbele yake.